Tai Shingoni, Kaunjika Sokoni: Historia ya Vazi la Zamani kati ya Kanengo na Dzaleka



Katika somo la ngeli huwa tunawapa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza zoezi dogo: watunge sentensi mbili zenye neno "tai". Wengi huandika "Tai ameruka" na "Tai imechakaa". Tai wa kwanza ni ndege, naye hufuata upatanisho wa A-WA. Tai ya pili ni kitambaa cha shingoni, neno tulilolichukua kwa Waingereza, nayo hufuata upatanisho wa I-ZI. Zoezi hilo ni la dakika kumi, lakini safari moja lilituchukua kipindi kizima. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, alitueleza kuwa babu yake, mzaliwa wa Uvira, hufunga tai kila siku, hata siku ya kwenda kupanga foleni ya maji. Tai zenyewe ni za mtumba, pana, za mtindo wa miaka ya sabini, na juu yake huvaa koti la zamani lenye kola kubwa. Majirani humtania: mkimbizi na tai, wapi na wapi? Yeye huwajibu kwamba alipokuwa kijana serikali iliikataza tai, na sasa hakuna wa kumkataza. Darasa lilicheka. Baadhi walisema mzee anatunga.

Mzee hatungi. Makala haya ni jibu letu kwa darasa lile. Tunakusudia kuonyesha kwamba nguo ya zamani inayovaliwa kila siku katika njia ya kutoka Lilongwe hadi Dzaleka imebeba historia ya sheria, ya biashara na ya lugha yetu. Mwalimu wa Kiswahili anayeipuuza historia hiyo atakuwa ameacha sehemu kubwa ya somo nje ya darasa.

Njia ya Kanengo

Kanengo ni eneo la viwanda kaskazini mwa jiji la Lilongwe, kando ya barabara kuu iendayo Kasungu na Mzuzu. Hapo ndipo penye mnada wa tumbaku, zao ambalo kwa miaka mingi limeiletea Malawi fedha za kigeni kuliko zao jingine lolote. Ukiendelea kaskazini na kuingia wilaya ya Dowa unafika Dzaleka, zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 14,000. Leo wakazi wake wamezidi 50,000, wengi wao wakiwa wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Mkongo wa Kivu, Mrundi na Mnyarwanda wanapokutana sokoni, lugha inayowaunganisha mara nyingi ni Kiswahili.

Ikumbukwe kwamba Kiswahili si mgeni wa jana katika sehemu hizi. Katikati ya karne ya 19 mfanyabiashara Salim bin Abdallah, aliyetoka pwani, alijijengea makao Nkhotakota, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Nyasa, ambalo Malawi huliita Ziwa Malawi. Yeye na warithi wake walijulikana kwa cheo cha Jumbe. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na, hatuna budi kulisema wazi, ya watumwa. Kilichotoka pwani kuja huku kilikuwa bunduki, baruti na, zaidi ya yote, nguo. Kanzu na kofia zilianza kuonekana ziwani. Kitambaa cha pamba kilichofumwa Marekani na kuuzwa Unguja kilipita bara kwa jina la nchi kilikotoka: merikani.

Katika misafara hiyo ndimo tunamolikuta neno ambalo kila mtu analijua leo kwa maana nyingine. "Mtumba" ulikuwa mzigo wa nguo uliofungwa na kukazwa ili pagazi aubebe. Leo mtumba ni nguo iliyokwisha kuvaliwa Ulaya au Marekani, ikafungwa kwenye robota, mara nyingi la kilo 45, ikaletwa kwetu. Neno lilibaki na mzigo. Kilichobadilika ni kilichomo ndani. Zamani nguo mpya ilikuja kuchukua mali na watu wetu. Sasa ile iliyokwisha kuvaliwa na wengine inakuja kuchukua senti zetu.

Shingo na Sheria

Tumrudie mzee wa Uvira. Mwaka 1971 Rais Mobutu Sese Seko aliibadilisha Kongo jina ikaitwa Zaire. Mwaka 1972, katika siasa yake ya kurudi kwenye asili, wananchi walitakiwa kuyaacha majina ya kigeni ya ubatizo na kuchukua ya Kiafrika. Nguo nayo haikusalimika. Suti ya Kizungu na tai vilipigwa marufuku, na mahali pake pakawekwa vazi la taifa lililoitwa "abacost", jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti ikome". Koti hilo lilivaliwa bila tai. Wakubwa walijifunga skafu ya hariri shingoni, kama alivyofanya Mobutu mwenyewe pamoja na kofia yake ya ngozi ya chui. Kwa hiyo karani wa Uvira aliyetoka nyumbani na tai yake katika miaka hiyo hakuwa akijipamba tu. Alikuwa akivunja amri.

Marufuku hiyo ilidumu miaka 18. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ile ile aliyotangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, Mobutu aliwaruhusu wananchi kuchagua mavazi yao, tai ikiwemo. Yeye mwenyewe alisema hataonekana na tai. Walimu wa historia wanajua uzito wa siku hiyo: demokrasia na tai viliruhusiwa katika hotuba moja.

Katika miaka hiyo hiyo ya marufuku, vijana wa Brazzaville na Kinshasa walikuza utamaduni wa "Sape", yaani wapenda mavazi ya kifahari ya mtindo wa Ulaya, ambao mwanamuziki Papa Wemba aliueneza sana. Papa Wemba alifariki mwaka 2016 baada ya kuanguka jukwaani mjini Abidjan, na tarehe yake nayo ilikuwa 24 Aprili. Sape ilizaliwa magharibi ya Kongo, kwa wasemaji wa Kilingala. Hata hivyo sifa zake zilifika Bukavu na Uvira, na wakimbizi wakazibeba hadi ng'ambo.

Tumtazame sasa mwenyeji wa mkimbizi huyo. Malawi ilipata uhuru tarehe 6 Julai 1964 chini ya Dk. Hastings Kamuzu Banda, daktari aliyesoma Marekani na Scotland na kutibu wagonjwa Uingereza. Banda hakuwa na ugomvi na tai. Alivaa suti ya vipande vitatu, yaani koti, suruali na kizibao, pamoja na tai na kofia ya ukingo uliokunjwa, akishika usinga mkononi. Kina mama waliomchezea ngoma walivaa vitenge vyenye picha yake. Lakini mwaka 1973 serikali yake ilipitisha sheria ya mavazi ya heshima iliyowakataza wanawake kuvaa suruali na sketi zisizofunika magoti. Hata wageni walitakiwa kuitii.

Kwa hiyo tunao marais wawili katika kizazi kimoja. Mmoja aliikataza tai kwa jina la Uafrika. Mwingine aliivaa tai kila siku na kuikataza suruali ya mwanamke kwa jina la mila. Waliachana katika nguo, wakakutana katika jambo moja: kila mmoja alijiona ana haki ya kuamua mwili wa mwenziwe uvae nini. Watanzania nasi tusijitoe. Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio mwezi Oktoba 1968, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 "Operesheni Vijana" iliwasaka mitaani Dar es Salaam waliovaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana.

Jina la Kambi

Hapa tunafika mahali pagumu zaidi. Dzaleka haikuanza kama kambi ya wakimbizi. Enzi za Banda ilikuwa gereza walikowekwa wapinzani wa kisiasa. Jina lake lenyewe ni kitenzi. Katika Kichewa, "-leka" ni kuacha, na "-dza-" ni kiambishi cha wakati ujao. Kwa hiyo aliyeingia pale alitarajiwa kusema: nitaacha, sitarudia tena. Wanafunzi wa isimu watapenda kujua kuwa Warundi hulitambua neno hilo bila kufundishwa, kwa sababu kwao kuacha ni "kureka". Mkimbizi wa Burundi anapofika kambini anakuta lango linamwambia, kwa karibu lugha yake mwenyewe, aache.

Aache nini? Mfungwa alitakiwa kuacha siasa. Mkimbizi naye, ingawa hakuna sheria ya mavazi inayomfunga, huhisi anatakiwa kuacha kuonekana kama alivyokuwa kabla ya vita. Anayetoa msaada hutazama nguo kwanza. Akiona tai iliyonyooka huuliza: huyu ana shida kweli? Methali yetu inasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watu wameshazoea kuiona kamba ya mguuni. Wakiona tai shingoni wanashangaa. Lakini aliyekuwa mwalimu, karani au mwinjilisti hakuuacha ualimu wake mpakani. Nguo safi, hata ikiwa ya mwaka 1974, ndiyo kitambulisho pekee ambacho hakihitaji muhuri wa ofisi yoyote.

Malawi yenyewe ilijifungua polepole. Katika kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993 wananchi walichagua vyama vingi, na katika mageuzi yaliyofuata sheria ya mavazi ikafutwa. Hata hivyo kufuta sheria si kufuta mazoea. Mwezi Januari 2012 baadhi ya wachuuzi katika miji ya Malawi, Lilongwe ikiwa mmojawapo, waliwavamia wanawake waliovaa suruali na kuwavua nguo hadharani. Wanawake waliandamana tarehe 20 Januari, wengine wakiwa wamevaa suruali hizo hizo, na Rais Bingu wa Mutharika akatangaza kwamba mwanamke ana uhuru wa kuvaa apendavyo. Tunalitaja jambo hili kwa sababu suruali nyingi mitaani hununuliwa kwa wachuuzi. Nguo yaweza kuuzwa asubuhi na kuadhibiwa jioni.

Kurundika, Kupekua, Kuchagua

Tuingie sokoni sasa, maana hapo ndipo vazi la zamani linapopatikana. Malawi huita nguo za mitumba "kaunjika", kutokana na kitenzi cha kurundika. Zambia huziita "salaula", neno la Kibemba lenye maana ya kupekuapekua katika lundo. Rwanda huziita "caguwa", na hili halihitaji mkalimani: ni "chagua" ya Kiswahili. Tanzania na Kenya husema "mitumba", na Uganda "mivumba".

Yapange maneno hayo kwa utaratibu na utaona safari nzima ya nguo. Kwanza kuna mtumba uliofungwa. Ukifunguliwa unarundikwa, hiyo ni kaunjika. Mteja anainama anapekua, hiyo ni salaula. Mwisho anachagua. Nchi moja imelipa jina la mzigo, nyingine jina la lundo, nyingine jina la mkono unaotafuta, nyingine jina la uamuzi. Mzee wetu wa Uvira amefika kwenye neno la mwisho.

Ni lundo hilo, wala si duka la fasheni, linalomfanya mtu wa Lilongwe au Dzaleka avae mtindo wa miaka hamsini iliyopita bila gharama. Robota halijui miongo. Ndani yake koti la 1968 hulala na fulana ya juzi. Tai hudumu kuliko nguo nyingine kwa kuwa haikaliwi, haifuliwi mara kwa mara, wala haipasuki magotini. Anayetaka kuijua tai ya zamani aanze na upana wake. Nyembamba sana, ya vidole vitatu hivi, mara nyingi ni ya mtindo wa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Pana kama kiganja, yenye maua au mistari mikubwa, ni ya miaka ya sabini. Kisha aigeuze. Tai nzuri huwa na kitambaa cha sufu ndani na mshono mlegevu wa mkono mgongoni unaoiruhusu kuvutika bila kukatika. Aitazame pia nyuzi zake: zikienda mshazari, tai itarudi katika umbo lake baada ya kufunguliwa. Ukataji huo wa mshazari, katika vipande vitatu, ulianzishwa na mshonaji wa New York, Jesse Langsdorf, katika miaka ya 1920.

Haki ya kuchagua isitufiche hasara yake. Mitumba imechangia kuvidhoofisha viwanda vya nguo vya Afrika. Mwaka 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikusudia kuiondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ilipoendelea kuitoza ushuru mkubwa, Marekani ilisimamisha mwaka 2018 msamaha wa ushuru kwa nguo za Rwanda zinazoingia Marekani. Fundi cherehani anayepunguza kiuno cha suti ya kaunjika anapata riziki, lakini angeweza pia kuishona suti yenyewe iwapo kitambaa kingefumwa karibu naye. Yote mawili ni kweli, na mwanafunzi ayajue yote mawili.

Vesti Ipi?

Tai ina majina mawili miongoni mwa Waswahili. Waliotawaliwa na Waingereza husema "tai", neno linalotokana na kitenzi chao cha kufunga. Hivyo tunaposema "kufunga tai" tunafunga mara mbili. Waliopitia Kifaransa, kama Wakongo na Warundi, husema "kravati". Neno hilo asili yake ni jina la watu, Wakroatia, ambao askari wao waliotumikia Ufaransa katika karne ya 17 walijifunga vitambaa shingoni, na Wafaransa wakauiga mtindo huo.

Lipo pia neno la zamani zaidi la kitambaa cha namna hiyo katika pwani yetu: "leso", lililotoka katika Kireno "lenço". Inasimuliwa kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso kabla hazijakatwa, wakaunganisha sita kuwa vazi moja, na hapo ndipo kanga ilipoanzia. Kitambaa cha shingoni cha mgeni kilishonwa kikawa vazi la mwili mzima, tena letu. Kwa hiyo anayemwambia mzee wa Dzaleka kuwa tai ni ya Wazungu na akajifunika kanga, au akavaa shati, ajiulize mpaka wa kwetu na kwao unapita wapi.

Mwalimu ajihadhari na mtego mmoja. Mtanzania akisema "vesti" anakusudia fulana ya ndani, maana neno lilipitia Kiingereza. Mkongo akisema "vesti" anakusudia koti la suti, maana lilipitia Kifaransa. Mwambie Mtanzania aje arusini na vesti, atadhani unamtukana. Hakuna aliyekosea hapo. Kila mmoja amevaa neno alilorithi.

Hitimisho

Nguo bado inatungiwa amri. Mwezi Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni na kutaka wanaume wavae koti, shati la kola na tai. Zaire iliadhibu tai, Nairobi inaidai. Malawi nayo, katika mwezi Machi 2023, iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya kazi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Wenye maduka Lilongwe waliyafunga. Waliokuwa wakipita Kanengo kila asubuhi kwenda kwenye shughuli zao walijikuta hawana pa kwenda.

Hapo ndipo tunapolielewa jibu la mzee kwa majirani. Hawezi kuchagua aishi wapi, afanye kazi gani, wala arudi lini kwao. Katika mambo ambayo serikali mbili au tatu zimemwamulia, moja limebaki mikononi mwake, nalo lina urefu wa mita moja na nusu hivi na linafungwa kwa fundo. Tusimcheke.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi la muhula ujao. Kila mwanafunzi amwombe mzee mmoja wa nyumbani amtajie nguo tano alizovaa ujanani, jina la kila moja kwa Kiswahili cha kwao, na kama kuna iliyowahi kukatazwa, na nani, na kwa sababu gani. Majina hayo mengi hayamo katika kamusi zetu, na wenye kuyajua wanapungua. Ukiweza, anza na yule anayefunga tai kila siku.